Hivi chama cha Liberal Uingereza kingeweza kupona, na Labour wakabaki kichama kidogo tu?

#1 Kalamu ya Ngamiani
Habari wakuu. Hili swali linanisumbua muda mrefu, leo nalileta jamvini.

Mwaka 1906 chama cha Liberal kilizoa viti karibu 400 kati ya 670. Wahafidhina (Conservative) wakabaki na 157 hivi, na kiongozi wao Balfour, ambaye alikuwa Waziri Mkuu juzijuzi tu, akaangushwa jimboni kwake Manchester. Labour kipindi hicho walikuwa na wabunge 29, na wengi wao waliingia kwa sababu Liberal waliwaachia majimbo, yale makubaliano ya siri ya 1903 kati ya Herbert Gladstone wa Liberal na Ramsay MacDonald wa Labour. Sasa ruka mpaka Oktoba 1924, miaka 18 tu baadaye: Labour wameshaonja Ikulu yao pale Downing Street, Liberal wana viti 40. Chama kilichotawala Uingereza nusu ya karne ya 19 kimeisha.

Msimamo wangu: hakikufa kwa uzee. Kilikufa bungeni 1917 na 1918 kwenye sheria ya uchaguzi. Kamati iliyoongozwa na Spika ilipendekeza miji mikubwa ichague kwa uwiano wa kura, na kwingineko mpiga kura apange wagombea 1, 2, 3, mgombea wa mwisho akitolewa kura zake zinahamia kwa chaguo la pili. Hiyo ya kupanga ilipita Bunge la chini kwa kura MOJA. Malodi wa Bunge la juu wakasema hawaitaki, wao wanataka uwiano. Wakavutana weee mpaka Februari 1918 yote mawili yakatupwa, ukabaki uwiano kwa viti vichache vya vyuo vikuu. Lloyd George ndo alikuwa Waziri Mkuu na hakulishughulikia kabisa.

Mimi nasema, weka kura ya kupanga halafu rudia chaguzi za 1922, 1923 na 1924. Liberal alikuwa katikati, angekuwa chaguo la pili la Mhafidhina na la Labour vilevile. Asingekufa. Pingeni kwa hoja.

#2 Msomaji Mkimya
Naweka kambi. Wenye madini shusheni.

#3 Mzee wa Gerezani
Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka mwili ukaenda kwenye kivuli. Chama kiliuawa na Waliberali wawili, Waziri Mkuu Asquith na waziri wake Lloyd George, na silaha ilikuwa vita.

Angalia Desemba 1916. Jumapili tarehe 3 walishakubaliana: Lloyd George aongoze kamati ndogo ya vita, Asquith abaki Waziri Mkuu. Imekwisha hiyo. Jumatatu asubuhi The Times likatoka na makala inayomwonyesha Asquith kama mtu aliyenyang'anywa rungu, mzee akaamini Lloyd George ndo kaivujisha, akafuta makubaliano. Tarehe 5 akajiuzulu akidhani hawatapata mwingine, tarehe 7 Lloyd George kaapa akiwa na Wahafidhina nyuma yake. Mei 1918 Asquith akaitisha kura bungeni juu ya madai ya Jenerali Maurice kwamba serikali imedanganya kuhusu idadi ya askari, Waliberali karibu mia wakapiga na Asquith. Desemba ukaja uchaguzi, wenye barua ya kuungwa mkono na Lloyd George na Bonar Law, kiongozi wa Wahafidhina, wakapita, wasiokuwa nayo wakafyekwa. Asquith mwenyewe akapoteza East Fife, jimbo alilokaa tangu 1886.

Sasa weka hivi: Asquith asilisome lile gazeti, au alisome akae kimya. Chama kinaingia 1918 kikiwa kimoja, kina Waziri Mkuu na kina aliyeshinda vita. Labour wanapata wapi nafasi? Mfumo wa kura ni jambo la pili kabisa.

#4 Dada wa Makorora
Nyote wawili mnaongelea viongozi na sheria, mnasahau watu. Kabla ya 1918 wapiga kura hawafiki milioni 8. Sheria ya 1918 imewapandisha hadi zaidi ya milioni 21, wanaume wote wa miaka 21 na wanawake wa miaka 30 wenye sifa ya nyumba au mali. Hao wapya wengi wao ni vibarua, wachimba makaa, wapagazi wa bandarini, wafanyakazi wa viwanda vya pamba. Unategemea wamfuate Asquith anayewaambia biashara huria na kanisa?

Na kazi ilishaanza kabla. 1901 Malodi waliamua kesi ya Taff Vale, chama cha wafanyakazi wa reli kikalipishwa pauni 23,000 kwa sababu ya mgomo, vyama vya wafanyakazi vikaona bila wabunge wao wenyewe wamekwisha. 1909 wachimba makaa, jeshi kubwa kuliko wote na walikuwa Waliberali damu, wakahamia Labour rasmi. Vita haijaanza hapo, Lloyd George na Asquith bado wanakula meza moja. Kwa hiyo hata ukifuta Desemba 1916 mimi naona mto ulishageuka njia.

#5 Mswahili wa Lancashire
Salaam wana jamvi. Mimi naishi huku kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya zamani. Katikati ya mji kuna jengo la matofali mekundu, juu ya mlango jiwe limechongwa LIBERAL CLUB na mwaka wake chini. Leo ghorofa ya chini wanauza mazulia. Ghorofa ya juu kuna ukumbi mkubwa una jukwaa la mbao na ndoano za makoti zimepangwa ukuta mzima, niliwahi kupanda kusaidia kushusha mizigo. Ukihesabu zile ndoano unaelewa chama kilikuwa na watu kiasi gani. Siku hizo mzee wa kiwanda mwenye mashine na kibarua wake walikaa ukumbi mmoja.

Ila hawakukaa safu moja, na hapo ndo kesi yangu ilipo. Keir Hardie 1888 aliomba kugombea Mid Lanark kwa tiketi ya Liberal, kamati ya jimbo ikamchukua mwanasheria kutoka London. Akasimama peke yake, akapata kura 617, akaenda kuanzisha chama. MacDonald aliomba Southampton 1894, wakamkataa. Arthur Henderson alikuwa wakala wa uchaguzi wa Liberal kule Barnard Castle, mwenye kiti alipofariki 1903 akagombea kwa Labour, akawashinda Mhafidhina na Mliberali wote wawili. Hawa watatu ndo waliojenga Labour na wote walipitia au walibisha hodi kwa Waliberali.

Ungebadilisha nini basi? Sio bunge wala gazeti. Ungebadilisha zile kamati za majimbo, kwa sababu wakati ule mbunge hakuwa na mshahara (pauni 400 kwa mwaka zilikuja 1911), kamati zilitaka mgombea anayejilipia. Wangelipa wagombea vibarua kutoka mfuko wa chama kuanzia 1888, sidhani kama leo tungelijua neno Labour.

#6 Mwana wa Likoni
Wazee hamjambo. Mimi nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja Ireland.

Kwanza nimrekebishe mleta mada kidogo, ukisoma uzi wako mtu atadhani Liberal walikuwa na nguvu ile ya 1906 mpaka vita. La. Januari 1910 walishashuka mpaka 274, Wahafidhina 272, na Desemba mwaka huohuo wakawa karibu sare tena. Waliendelea kutawala kwa sababu ya wabunge 80 na kitu wa Ireland na 40 wa Labour. Maanake serikali ya Asquith kuanzia 1910 ilikuwa inapumua kwa mapafu ya Dublin. 1918 Sinn Féin, chama cha waliotaka Ireland ijitenge, wakachukua viti 73 wakakataa hata kwenda London, ule mhimili ukaondoka wote.

Pili, ukitaka nukta ya kugeuza historia nenda 1886 kabisa. Gladstone mzee, Waziri Mkuu wa Liberal (sio yule Herbert), akaleta muswada wa Ireland kujitawala, Joseph Chamberlain akaondoka na kundi lake. Huyu Chamberlain ndo alikuwa mtu wa Birmingham, mtu wa mabomba ya maji na gesi ya manispaa, mtu wa kusema matajiri walipe. Ndo alikuwa kiongozi wa mrengo wa kibarua ndani ya Liberal! Akaishia upande wa Wahafidhina akawa Waziri wa Makoloni. Abaki Liberal, amrithi Gladstone, Hardie angekwenda kuanzisha chama cha nini?

#7 Msomaji Mkimya
Mzee wa Gerezani njoo ujibu, maana kila uzi wewe ni Lloyd George, hata ule wa bei ya saruji ulimtaja.

#8 Mzee wa Gerezani
@Msomaji Mkimya kwenye saruji nilikuwa naongelea ahadi yake ya nyumba za askari baada ya vita, ilihusu kabisa.

Kwa Mwana wa Likoni: Chamberlain huyohuyo 1903 ndo aliibuka na ushuru wa bidhaa za nje akawagawa Wahafidhina nao, na huo mgawanyiko ndo uliowapa Liberal ule ushindi wa 1906. Ukimbakiza Liberal unawanyima na 1906 yao. Unavuta kamba upande mmoja, upande wa pili unalegea.

#9 Kalamu ya Ngamiani
Shukrani kwa michango. Namjibu Dada wa Makorora kwa tarakimu. Unasema wapiga kura wapya ndo waliwaua Liberal. Uchaguzi wa Desemba 1923 wapiga kura ni walewale milioni 21 na zaidi. Labour walipata asilimia 30.7, Liberal 29.7. Tofauti asilimia moja! Viti je? Labour 191, Liberal 158. Vibarua walikuwa bado wanawapigia Liberal, tena kwa mamilioni, kwa sababu Baldwin, Waziri Mkuu wa Wahafidhina, alikuja na ushuru na mkate ungepanda bei. Kwa hiyo mto wako 1923 ulikuwa bado haujaamua njia.

Halafu 1929 Liberal wakapata kura milioni 5.3, asilimia 23 na ushee, viti 59. Hamsini na tisa! Hapo mtu aniambie tatizo ni wananchi.

#10 Ndugu Msafiri
Mimi nilisoma kwamba Labour walivurugwa 1924 na ile barua ya Zinoviev, Daily Mail wakaichapa siku nne kabla ya kura, kwamba Moscow inawaagiza wakomunisti wa Uingereza wachochee mapinduzi. Isingetokea hiyo barua Labour wangeshinda na historia ingekuwa nyingine.

#11 Dada wa Makorora
@Ndugu Msafiri barua ilichapwa kweli na wengi wanakubali ilikuwa ya kughushi, lakini haikuwavuruga Labour hivyo. Kura zao Oktoba 1924 zilipanda kwa zaidi ya milioni moja kulinganisha na 1923. Walipoteza viti lakini sio watu. Aliyevunjika ni Liberal, kutoka 158 hadi 40. Watu wa kati walipata hofu wakakimbilia kwa Baldwin moja kwa moja bila kupitia kwa Asquith.

Na hii inamrudia mleta mada. Uchaguzi wa hofu haumtaki mtu wa katikati, hata umpe mfumo gani.

#12 Bint Mchambuzi
Nimesoma zote, mko vizuri. Mimi nukta yangu ni Januari 1924 na naona ndo kubwa kuliko zote.

Baldwin kapoteza wingi, hana serikali. Asquith ndo ana kura za kuamua nani aingie. Anafanya nini? Anamweka MacDonald, hana mkataba, hana masharti, hana hata karatasi moja iliyosainiwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba Labour wako wachache, watashindwa mbele ya watu, na yeye ndo mrithi. Badala yake MacDonald akathibitisha kwamba Labour wanaweza kuvaa makoti marefu wakaenda kwa Mfalme na nchi isianguke. Hapo tu, mpiga kura aliyekuwa anasema Labour sio chama cha serikali, hoja yake imekufa. Mei 1924 muswada wa uwiano wa kura ukaletwa bungeni, Labour wengi wakaupinga ukafa.

Asquith angesema Januari: sheria ya uchaguzi kwanza, ndo mpate kura zetu. MacDonald angekataa? Huyu mtu alisubiri siku hiyo tangu walivyomfungia mlango Southampton. Angesaini.

#13 Mswahili wa Lancashire
Bint Mchambuzi umegonga. Ongezea na pesa. 1924 Liberal walisimamisha wagombea kama 340 tu, nusu ya nchi hawana mtu. Pesa zilikuwepo ila kwenye mfuko wa Lloyd George binafsi, zile za kuuza vyeo vya heshima wakati wa serikali ya mseto, ujulodi una bei yake, uSir una bei yake, mpaka 1925 ikatungwa sheria ya kuzuia. Walishaungana 1923 kwa sababu ya biashara huria lakini mwenye mfuko hakuufungua vya kutosha kwa sababu anaowapa ni watu wa Asquith.

#14 Kijana wa Buza
Samahani wakubwa, mimi naomba kuuliza. Huku kwetu hii ingebadilisha nini? Si mkoloni ni mkoloni tu awe Liberal awe Labour.

#15 Mwana wa Likoni
@Kijana wa Buza swali zuri, sio la kuomba samahani. Ingebadilisha.

Kuanzia 1924 hadi 1929 Waziri wa Makoloni alikuwa Leo Amery, Mhafidhina, na alitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe, jambo ambalo masetla wa Kenya walilishabikia maana wao ndo wangeshika usukani. 1929 Labour wakaingia, Sidney Webb (Lodi Passfield) akawa waziri, Juni 1930 akatoa waraka unaosema masilahi ya Waafrika yatangulie. Jambo likapelekwa kamati ya mabunge yote mawili, 1931 ikasema muungano huo hapana. Mzee Koinange wa Mbiyu alikwenda London kutoa ushahidi. Sasa Amery akipata miaka mitano mingine je? Labda mipaka tunayoijua isingekuwa hivi.

#16 Dada wa Makorora
Hapo usiwavishe Labour kanzu ya utakatifu. Ule msemo wa masilahi ya Waafrika yatangulie ulitangulia kwenye waraka wa Devonshire wa 1923, na hiyo ni serikali ya Wahafidhina. Na Gavana Cameron wa Tanganyika alipinga muungano akiwa kazini chini ya Amery huyohuyo. 1959 baada ya mauaji ya wafungwa kambi ya Hola, Kenya, hotuba iliyoikata serikali vipandevipande bungeni ilitoka kwa Enoch Powell, Mhafidhina. Barbara Castle wa Labour alipiga kelele sana pia, haki yake apewe, lakini usisome historia ya makoloni kwa rangi ya chama tu.

#17 Mzalendo wa Kongwa
Na mradi wa karanga ulikuwa wa Labour! Waziri wa chakula John Strachey, kuanzia 1947. Babu yangu aliendesha trekta pale Kongwa. Alikuwa anasimulia udongo ule wakati wa kiangazi unakuwa mgumu mpaka meno ya jembe la trekta yanapinda, wanabadilisha, yanapinda tena, na mibuyu inavyong'olewa kwa mnyororo mrefu kati ya matrekta mawili. Walizika pauni milioni 36 na zaidi, 1951 wakaufunga. Babu alibaki na boksi la spana za kiingereza, mjomba anazitumia mpaka leo. Kwa hiyo wakuu mkisema Labour wasingekuwepo, sisi Kongwa tungekuwa na reli na mashimo kwa jina la nani?

#18 Msimamizi wa Jukwaa
Karanga zina uzi wake. Turudi kwenye mada tafadhali.

#19 Bint Mchambuzi
Sawa msimamizi. Kuna njia nyingine haijaguswa: chama kimoja cha kati na kulia. Machi 1920 Lloyd George alitaka kuwaunganisha Waliberali wake na Wahafidhina wawe chama kimoja dhidi ya Labour. Waliokwamisha ni Waliberali wake mwenyewe, mawaziri wake walimwambia jina la Liberal hawaliachi. Wazo lenyewe hakulianza 1920, hata Agosti 1910 aliwahi kuandika kwa siri pendekezo la serikali ya pamoja na Wahafidhina.

Fikiria wangekubali. Hakuna mkutano wa Carlton Club tarehe 19 Oktoba 1922, ule ambao asubuhi yake zikaja habari za uchaguzi mdogo wa Newport kwamba Mhafidhina aliyepinga mseto kashinda, wabunge wa Wahafidhina wakapata moyo wakapiga kura kuondoka kwenye mseto. Baldwin anabaki waziri wa kawaida. Lloyd George anatawala mpaka 1925 labda. Na upande wa pili wanakutana Labour na Waliberali wa Asquith, wakina Wedgwood Benn (baba yake Tony Benn, alihamia Labour 1927), Haldane ambaye alikuwa waziri wa Liberal akaingia baraza la kwanza la MacDonald. Kingezaliwa chama cha pili cha namna nyingine kabisa.

#20 Mzee wa Gerezani
Hii namba 19 naipenda. Na ukitaka kuona mpasuko ulivyoingia hadi sebuleni, watazame watoto wa Lloyd George. Gwilym alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kwenye serikali ya Wahafidhina 1954 hadi 1957. Dada yake Megan akaingia Labour 1955, 1957 akashinda Carmarthen kwa tiketi yao, tena akimwangusha Mliberali. Mwaka mmoja huo, kaka ametoka uwaziri huku, dada ameingia bungeni kule. Wote walikuwa wabunge wa Liberal zamani.

#21 Ndugu Msafiri
Tukifika 1951 lakini tukubali wananchi walishawachoka Labour wakamrudisha Churchill.

#22 Kalamu ya Ngamiani
@Ndugu Msafiri hapana kaka. 1951 Labour walipata kura karibu milioni 14, asilimia 48.8, nyingi kuliko Wahafidhina. Viti ndo vikawa 321 kwa Churchill na wenzake, 295 kwa Attlee. Waliochoka hawakuwa Labour, waliochoka walikuwa Liberal mfukoni. 1950 walisimamisha wagombea 475, wakapoteza dhamana 319, mwaka uliofuata wakasimamisha 109 tu. Mliberali asiye na mgombea jimboni kwake akahamia kwa Churchill kuliko kwa Attlee, ndo serikali ikabadilika. Kura za chama kilichokufa zilichagua Waziri Mkuu.

Na Churchill alimpa kiongozi wao Clement Davies uwaziri wa elimu. Angekubali, chama kingemezwa palepale. Alikataa akiwa na wabunge 6.

#23 Kijana wa Buza
Basi ni Simba na Yanga tu, wa tatu anajaza uwanja ila kombe halioni.

#24 Mswahili wa Lancashire
Wa tatu alikaribia 1981 asee. Novemba 1980 wabunge wa Labour walimchagua Michael Foot kuwa kiongozi kwa kura 139, Denis Healey 129. Watu sita tu wakigeuka Healey ndo kiongozi. Na kati ya waliompigia Foot wapo wachache waliokuja kuhamia SDP, chama kipya kilichomeguka Labour, walitaka chama kionekane kimepotea kushoto ili wapate sababu ya kuondoka. Januari 1981 Roy Jenkins, David Owen, Shirley Williams na Bill Rodgers wakatoa tamko lao Limehouse. Ikifika Desemba kura za maoni za Gallup zinawapa wao na Liberal asilimia 50. Aprili 1982 Argentina ikavamia Falklands, upepo ukahama wote kwa Thatcher.

Juni 1983: Labour asilimia 27.6 viti 209, muungano wa Liberal na SDP asilimia 25.4 viti 23. Kuna wazee kazini kwangu mpaka leo ukiwatajia hiyo hesabu wanaweka kikombe chini.

#25 Dada wa Makorora
Na hapo nyie wa mfumo wa kura mnafurahi, lakini hebu mjibu hili. Kwanini Labour hawakufa 1983 kama Liberal walivyokufa 1924? Mfumo ni uleule, katikati kumejaa, kiongozi dhaifu. Kwa sababu kura za Labour zilikuwa zimerundikana sehemu, Durham, mabonde ya Wales, Glasgow, Liverpool. Watu wanaoishi karibu na kazi moja na chama cha wafanyakazi kimoja. Za Liberal siku zote zimetandazwa nchi nzima kama siagi chache. Jiografia ya kazi ndo iliyomlinda mmoja na kumwacha mwingine, na hiyo huibadilishi kwa kura moja ya bungeni mwaka 1917.

#26 Kalamu ya Ngamiani
Si umenisaidia? Kura zilizotandazwa zinauawa na mfumo wa mwenye nyingi ndo mshindi, hazifi zenyewe. Ushahidi upo nje ya Uingereza. Australia, Oktoba 1918, uchaguzi mdogo wa jimbo la Swan, wapinzani wa Labor wakagawana kura, kijana wa Labor akapita na theluthi tu hivi. Serikali ikaleta kura ya kupanga haraka, kabla mwaka haujaisha ikawa inatumika. Matokeo chama cha wakulima kikazaliwa na kikaishi mpaka leo bila kumezwa. Mwaka uleule Uingereza waliitupa!

Na 1931 ilirudi tena, MacDonald alipokuwa anawategemea Liberal. Muswada wa kura ya kupanga ukapita Bunge la chini, Malodi wakaubana, Agosti serikali ikaanguka nao ukaanguka. Mara mbili ndani ya miaka 14.

#27 Mwana wa Likoni
Mleta mada Australia inakugeuka. Waliberali wa kule, wa Deakin, walishaungana na wahafidhina 1909, kabla ya kura ya kupanga kuanza kutumika bunge la taifa. Kilichopona pale ni wakulima, sio Liberal ya zamani.

Na Kanada je? Kanada wana mfumo uleule wa Uingereza, mwenye nyingi ndo mshindi, hawajaubadilisha bungeni kwao mpaka leo. Na Liberal ya Kanada ndo imetawala sehemu kubwa ya karne ya 20! 1917 nao walipasuka kwa sababu ya vita, kiongozi wao Laurier alikataa kuingia serikali ya mseto ya Waziri Mkuu Borden, Waliberali wengi wanaosema Kiingereza wakamkimbia. Kila kitu kama Asquith. 1921 Mackenzie King wa Liberal ni Waziri Mkuu.

#28 Dada wa Makorora
Walikuwa na Quebec. Kura zilizorundikana, si nimesema.

#29 Mzee wa Gerezani
Quebec ndiyo, lakini mmeruka kitu. Laurier alifariki Februari 1919, Agosti chama kikachagua mtu ambaye hakuwa na kisasi na waliohama, wakaanza kurudi mmojammoja. Asquith kaanguka East Fife Desemba 1918 akiwa na miaka 66, badala ya kupumzika akarudi kupitia Paisley 1920, akaanguka tena 1924, na uongozi hakuuachia mpaka Oktoba 1926. Miaka minane chama kinaongozwa na mtu ambaye nusu ya chama ilimwondoa. Mimi nafuta hoja ya gazeti la The Times, naweka hii: Asquith astaafu usiku ule wa matokeo ya 1918.

#30 Bint Mchambuzi
Na amwachie nani? Maana siku ileile vigogo wenzake nao walianguka: Simon kaanguka Walthamstow, McKenna kaanguka Pontypool, Runciman kaanguka Dewsbury, Herbert Samuel kaanguka Cleveland. Bungeni alibaki Donald Maclean kushikilia kiti, na nchi ilikuwa haimjui. Ukimwondoa Asquith aliyebaki anayejulikana na kila mtu ni Lloyd George, na huyo yuko serikalini na Wahafidhina. Taja jina Mzee, tuendelee kuanzia hapo.